Mama Aliyetibiwa Mapema: Miaka Inayofuata

(Maelezo ya mwanachama mwenzetu, muuguzi mstaafu, aliyoyatoa mbele ya wanachama na wageni siku ya kuadhimisha miaka kumi ya kikundi chetu, mjini Bariadi. Yamechapwa kama yalivyosemwa, isipokuwa maswali na majibu ya mwisho.)



 Katibu aliponiandikia barua alisema nizungumze juu ya afya ya mama kwa dakika ishirini. Afya ya mama ni shamba kubwa, ukitaka kulilima lote kwa dakika ishirini utakwaruza juu juu tu. Kwa hiyo nimechagua tuta moja. Nitasema juu ya mama aliyekutwa na saratani ya titi mapema kabisa, kabla haijapenya, akatibiwa, akarudi nyumbani, na majirani wakasema amepona. Je, kwa miaka kumi au ishirini baada ya hapo anatakiwa afanye nini? Na sisi kikundi tunatakiwa tufanye nini?

Nimechagua hilo kwa sababu mama wa namna hiyo tunaye humu. Amenipa ruhusa niseme habari zake bila kumtaja jina, na naomba msianze kugeuza shingo kutafutana.

Kwanza ugonjwa wenyewe. Ndani ya titi kuna mirija midogo inayopeleka maziwa kwenye chuchu. Saratani nyingi za titi huanzia kwenye utando wa ndani wa mirija hiyo. Mwanzoni seli mbaya zinazaliana humo humo, hazijatoboa ukuta wa mrija. Sisi watu wa ng'ombe tuseme hivi: wamo zizini, wamekuwa wakorofi, lakini ua hawajauvunja. Siku wakivunja ua wakaingia shambani, hapo ndipo tunasema saratani imepenya, na sasa inaweza kufuata njia ya damu na tezi za kwapani ikafika kwenye mapafu, ini au mifupa. Ile iliyo bado zizini madaktari wanaiita hatua ya sifuri. Wapo wataalamu wanaobishana kama iitwe saratani au isiitwe. Mimi ubishi huo nawaachia wenyewe. Mama aliyelazwa akisubiri kisu haumsaidii.

Katika nchi ambazo wanawake wote wa umri fulani wanaitwa kupigwa picha ya matiti, takriban saratani moja kati ya tano zinazoonekana kwa picha hizo ni ya hatua hii. Mama anakuwa hana uvimbe wala maumivu, ni vidoa vya chokaa tu kwenye picha. Hapa kwetu hatuna mpango wa kumwita kila mama apigwe picha. Tathmini ya huduma za saratani ya matiti nchini iliyotolewa mwaka 2017 ilionyesha kwamba karibu wanawake wanne kati ya watano wanagunduliwa ugonjwa ukiwa hatua ya tatu au ya nne. Basi mama wa Bariadi anayekutwa na hatua ya sifuri amewahi sana, na kwa kawaida kilichomleta ni dalili: damu kwenye chuchu, kidonda cha chuchu kisichopona, au kinundu.

Mwenzetu ilikuwa damu. Aliiona kwenye kanga asubuhi moja, wakati mtoto wake wa mwisho alikuwa ameshaacha kunyonya miaka mingi. Nyumbani wakamwambia itakuwa mtoto alimng'ata zamani. Wengine, mnajua Bariadi yetu, wakaanza kutaja Gamboshi. Hapo niseme kidogo: watu wa mbali wakisikia Bariadi wanauliza Gamboshi, na sisi wenyewe mtu akiumwa kichwa tunaitaja. Ndugu zetu wa Gamboshi wakiugua wanapanga foleni hospitali kama sisi, nimewahudumia mwenyewe. Basi yule mama akakaa miezi minne na kanga yake, mwisho akaja. Akapimwa, kinyama kikachukuliwa, akapewa rufaa kwenda Mwanza, akafanyiwa upasuaji wa kuondoa sehemu ya titi, kisha akapigwa mionzi. Majibu yalisema ugonjwa ulikuwa bado ndani ya mirija.

Mnakumbuka tulivyofanya. Mfuko wa jamii ulitoa fungu lake, na juu yake tukachanga. Aliporudi tulimpokea kwa nyimbo na mchele na mafuta. Mwaka wa kwanza akaenda kliniki, wa pili akaenda. Mwaka wa tatu alipoomba nauli nyumbani akaulizwa: si ulishapona wewe, unaenda kutafuta nini tena? Na huku kikundini katiba yetu inasema mwanachama anasaidiwa kwa ugonjwa mmoja mara moja katika mzunguko, na ugonjwa tunaoufahamu ni wa kulazwa. Akaona aibu kuuliza, akanyamaza. Sasa ni mwaka wa tatu hajaguswa na daktari. Mwezi uliopita alinijia akaniuliza: "Dada, mimi nimepona au sijapona?"

Jibu langu lilikuwa refu kidogo, nami nitawapa lile lile.

Kilichoonekana kilitolewa, na hilo ni jambo kubwa. Lakini jicho la daktari na hata darubini ya maabara haviwezi kuhakikisha kila seli moja. Pengine kwenye mrija wa jirani zimebaki chache. Tena titi lile lile lililozaa kibaya mara moja linaweza kuzaa kingine kipya mahali pengine, na titi la upande wa pili nalo ni la mwili ule ule. Ugonjwa ukirudi kwenye titi lililotibiwa, karibu nusu ya safari unarudi ukiwa bado ndani ya mirija, na nusu nyingine unarudi ukiwa umeshavunja ua. Hiyo nusu ya pili ndiyo tunayoiogopa.

Wakulima wa pamba mtanielewa. Baada ya kuvuna tunang'oa masalia na kuyachoma ili funza wa vitumba asipate mahali pa kulala. Ni kazi ya lazima, na asiyeifanya anawaponza majirani. Lakini sijaona mkulima hapa Simiyu ambaye msimu ukifika haendi kukagua vitumba eti kwa sababu mwaka jana alichoma.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana hiki ni kikundi cha watu wa hesabu. Nitatumia takwimu za Uingereza, nchi ambayo huandika kila mgonjwa na kumfuata mpaka uzeeni. Mwaka 2020 walitoa habari za wanawake 35,024 waliokutwa na hatua hii kwa picha kati ya 1988 na 2014. Waliona kwamba wanawake hao walipata saratani ya kupenya zaidi ya mara mbili ya wanawake wa kawaida wa umri wao. Na kitu kilichonishangaza mimi muuguzi wa siku nyingi ni kwamba hatari hiyo haikwisha mwaka wa tano, ambao tumezoea kusema ukiuvuka umepona. Ilikuwepo mwaka wa kumi, wa kumi na tano, na hata baada ya wa ishirini.

Mwaka 2024 wakatoa habari za wengine, zaidi ya 27,000, ambao hawakugunduliwa kwa picha za kuitwa. Hawa wanafanana zaidi na akina mama wetu. Kwa miaka 25 baada ya kugunduliwa, kati ya kila wanawake 100 wa namna hiyo waliogunduliwa kabla ya kufika miaka 45, 27 walikuja kupata saratani ya kupenya, na karibu 8 walikufa kwa saratani ya titi.

Nimeona mmoja ameshika mdomo. Ngoja kwanza, hesabu ina pande mbili. Kama 27 walipata, 73 hawakupata kwa miaka yote hiyo 25. Kama 8 walikufa kwa ugonjwa huu, 92 hawakufa kwa ugonjwa huu. Mtu asitoke hapa akamwambie mwenzetu kwamba anakufa. Huyu mama ana nafasi nzuri kuliko mgonjwa yeyote wa saratani ya titi niliyemhudumia. Ninachosema ni kwamba hatari yake ni ndogo kwa mwaka mmoja lakini inadumu miaka mingi, kama deni dogo lenye marejesho marefu. Na deni la namna hiyo ndilo watu wanalisahau, mnalijua hilo kuliko mimi.

Hatari hiyo hailingani kwa kila mtu. Aliyegunduliwa akiwa kijana ana hatari kubwa kuliko aliyegunduliwa uzeeni, na kwetu wengi wanaougua ni wa umri wa kulea. Marekani walifuatilia wanawake zaidi ya 108,000 wenye hatua hii, wakachapa habari zao mwaka 2015. Kwa miaka 20 waliokufa kwa saratani ya titi walikuwa kama 3 kati ya 100, lakini kwa wanawake weusi walikuwa 7 kati ya 100. Pia inategemea ukubwa wa eneo lililokuwa limeharibika, ubaya wa seli zenyewe, na kama kingo za nyama iliyokatwa zilikuwa safi. Hayo yote yameandikwa kwenye karatasi ya majibu ya kinyama. Ndiyo maana nawaambia karatasi ile ni mali kama hati ya kiwanja. Iwekwe kwenye nailoni, ifungwe, isitumike kuwashia moto. Ukienda kliniki baada ya miaka minane utakuta daktari mwingine kabisa, hakujui, na karatasi hiyo ndiyo itakayokueleza.

Matibabu yanapunguza hatari, kila moja kwa kiasi chake. Mwaka 2010 yalikusanywa majaribio manne ya wanawake 3,729 walioondolewa sehemu tu ya titi. Waliokatwa bila mionzi, kwa miaka kumi, 28 kati ya 100 ugonjwa ulirudi kwenye titi lile lile kwa namna moja au nyingine. Waliopigwa mionzi walikuwa 13. Kwa hiyo anayekatwa sehemu akaambiwa aendelee na mionzi, asitoroke njiani kwa sababu ya kuchoka kukaa kwa ndugu Mwanza. Anayeondolewa titi lote, kurudi upande ule ni nadra sana, lakini titi la pili bado analo na lazima liangaliwe.

Halafu kuna vidonge vya tamoksifeni, ambavyo wengine wanapewa kwa miaka mitano kama maabara imeonyesha ugonjwa unachochewa na homoni. Hapo nina mambo matatu ya kikwetu, na akina baba sikilizeni pia. Mama anayemeza vidonge hivyo asishike mimba, vinaweza kumdhuru mtoto. Mama aliyewahi kupata ugonjwa huu asichome sindano ya uzazi wa mpango wala kuweka vijiti kabla hajamweleza muuguzi habari zake zote, maana zipo njia zisizo na homoni, kama kitanzi cha shaba na kondomu. Na aliyekoma hedhi akiona damu inatoka tena akiwa kwenye vidonge, asifurahi kwamba ujana umerudi, aje apimwe haraka.

Haya, sasa kuangaliwa kwenyewe. Utaratibu unaotumika sehemu nyingi ni daktari kumpima mama kwa mikono kila baada ya miezi sita hadi mwaka kwa miaka mitano ya kwanza, na baada ya hapo kila mwaka, bila kukoma. Na titi lililobaki, au yote mawili, lipigwe picha mara moja kwa mwaka. Kupimwa kwa mikono kunafanyika hapa hapa, anza na hospitali yetu ya rufaa ya mkoa pale Nyaumata, usipande basi kabla hujauliza. Ikihitajika zaidi, kuna Bugando pale Mwanza, yenye idara ya saratani na mionzi. Mbali zaidi kuna Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam.

Katikati ya mwaka mama ajikague mwenyewe nyumbani. Kinundu kipya, hata kwenye kovu au kwapani. Ngozi kuvutwa ndani au kuwa kama ganda la chungwa. Chuchu kutoa damu, kuingia ndani, au kuwa na kidonda kama upele kisichopona kwa dawa ya kupaka. Akiona mojawapo asisubiri tarehe ya kliniki. Na msiwe mnangoja maumivu, uvimbe wa saratani mwanzoni mara nyingi hauumi. Hili nimelisema katika wodi miaka thelathini na bado watu wananiambia, "Sista, lakini hakiumi."

Lipo neno lingine linalozunguka mitaani, kwamba kisu kinaamsha saratani, kwamba fulani alikatwa akafa. Fulani alikatwa akafa kwa sababu alifika ua umeshavunjwa siku nyingi, kisu kilimkuta hivyo. Mwenzetu alikatwa na leo amepika pilau mliyoila. (Vicheko.) Nimesema msigeuze shingo!

Sasa nakuja kwenye jambo lililonifanya nikubali kusimama hapa, nalo ni la fedha.

Kikundi chetu kina sanduku la kufuli tatu. Ndani kuna hisa, kuna mikopo na marejesho, na kuna kile kimfuko cha jamii, shilingi 1,000 ya kila kikao. Mfuko wa jamii tuliutengeneza kwa mambo ya ghafla: msiba, mtoto kulazwa, nyumba kuezuliwa na upepo. Kwa mambo hayo umefanya kazi nzuri na Mungu awabariki. Lakini ugonjwa wa mwenzetu si wa ghafla tena. Mwaka ule wa upasuaji tulimpa kingi, mpaka mchele ukabaki. Mwaka wa tatu alihitaji kidogo sana, nauli ya kupita Lamadi na Magu kwenda Mwanza na kurudi, ya kwake na ya mtu wa kumsindikiza, na gharama ya picha. Kidogo hicho hakikuwepo, kwa sababu hatukuwa na mahali pa kukiandika. Simlaumu mtu, tulitunga katiba kwa magonjwa tuliyokuwa tunayajua.

Tena wako wanaosema akope. Hapana. Mkopo ni wa mtu anayekwenda kununua alizeti auze apate faida. Mama anayekwenda kupimwa akakutwa salama harudi na faida ya shilingi, anarudi na usalama wake tu, atalipa riba kwa kutumia nini? Ndiyo maana anaacha kwenda.

Pendekezo langu, Ndugu Mwenyekiti, ni kwamba katiba iongezwe kifungu cha ufuatiliaji. Mwanachama mwenye ugonjwa ambao hospitali imemwandikia kurudi kila mwaka, awe wa saratani au mwingine, apewe nauli yake na ya msindikizaji mara moja kwa mwaka, iwe ruzuku, isiwe mkopo, na isihesabiwe kama ule msaada wa kulazwa. Iendelee kwa miaka yote ambayo hospitali inataka arudi. Tarehe yake aiandike Katibu peke yake, kwa ridhaa ya mwenye ugonjwa, isisomwe kikaoni, maana siri ya mtu ni ya mtu. Mwezi mmoja kabla ya tarehe Katibu amkumbushe. Hilo la kukumbushwa naliona kubwa kuliko hata nauli. Hospitali haina mtu wa kukufuata nyumbani mwaka wa kumi na mbili, lakini sisi tunakutana kila wiki, na mtu akikosa vikao viwili tunakwenda kumwangalia.

Wapo watakaosema miaka ishirini ni mingi, nani anajua kama kikundi kitakuwepo. Mwaka tulioanza, chini ya mwembe, waliokuwa wanapita walisema hatutafika mgao wa kwanza.

Nimekaa na Mweka Hazina tukapiga hesabu. Tukiongeza shilingi 200 kwa kila mwanachama kwa kikao, inatosha kwa wenye tarehe za hospitali tulionao sasa, na kinabaki kidogo cha akiba. Hesabu yenyewe anayo, ataisoma kwenye ajenda ya nne. Naomba sana, Ndugu Mwenyekiti, ajenda hiyo ijadiliwe kabla ya mgao. Baada ya mgao hakuna anayesikiliza mtu.

Na mwenzetu ameniambia niwajulishe kwamba Jumatatu anakwenda Nyaumata. Nimeshaitoa nauli ya safari hii, kwa hiyo mnajadili ya mwaka ujao.